Mbuzi Aliyerudishwa

Mastura mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa, na wale wasusi wa sokoni nawajua, hawatakuachia kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina muda. Begi lako liko hapa mbele yangu, limefungwa. Sitakuandikia habari za kufunga chandarua wala kuchemsha maji. Una miaka ishirini na nne, na Arua si mwezini. Gari likitoka Koboko asubuhi, chai ya saa nne unainywa huko. Vidonge vyako unavijua, na mlango wa kliniki ya akili unaujua. Hayo tumeyamaliza.

Tusilolimaliza ni lile la jana. Nilikuwekea mezani fomu ya chama cha akiba, akaunti ya sahihi mbili, yako na ya Mama Sauda. Mshahara wako uingie humo, kila Jumamosi upate kiasi cha wiki kwenye simu, na chochote zaidi kisitoke mpaka yeye naye atie sahihi. Uliisoma, ukaisukuma pembeni. Ukasema, "Mama, mimi si wewe." Halafu ukaongeza, "Na yule mwanamke alitung'olea mabati, umesahau?"

Sikusahau. Jana ningefungua kinywa ningekutukana. Leo nimepoa kidogo, si sana. Kaa usome, na ukianza kulia, lia huku unasoma.

Kweli, wewe si mimi. Wewe una cheti, una kazi ya ofisini kule Arua Hill, una mshahara wa kila mwezi. Mimi nilikuwa na cherehani na kibanda. Kwa hiyo hasara utakayoifanya wewe itakuwa kubwa kuliko yangu, hiyo ndiyo tofauti. Ugonjwa ni uleule. Daktari ameuita baipola kwako kama alivyouita kwangu. Kuna siku za kupanda na kuna siku za kushuka, na hautatoka. Ukimeza dawa na ukiwa na bahati utatulia miaka mingi, lakini hautatoka. Shangazi zako wanasema dua itauondoa. Dua tunaomba, mama, ila pesa zako zisikae nje zikingojea majibu.

Habari ya sanduku unaijua kwa upande wa mtoto tu, na mtoto aliona mabati yakishuka. Nikupe upande wangu.

Ulikuwa na miaka tisa. Kikundi chetu cha akiba kilikuwa wanawake ishirini na watano wa mtaa huu, karibu wote mabinti na wake wa askari wa zamani. Sanduku la chuma, makufuli matatu. Funguo walikaa nazo wanawake watatu, kila mmoja na wake, na sanduku lenyewe nilikaa nalo mimi kwa sababu niliaminiwa. Tunaweka mwaka mzima, tunagawana wiki moja kabla ya Idd kubwa, ili kila nyumba ichinje na watoto wapate nguo mpya.

Mwaka ule nikaanza kupanda wiki tatu kabla ya Idd. Sikujua ni ugonjwa, na hakuna aliyejua. Baba yako alikuwa keshakwenda Juba kwa mke mwingine. Nilikuwa silali na sichoki. Nilishonea watoto wa watu nguo bure. Niliimba nikifagia. Na watu walinipenda, Mastura, loh! "Aziza amechangamka, Aziza ana moyo." Hilo kule kliniki hawatakwambia, kwamba ukiugua hivyo watu watakupenda zaidi. Na nikwambie ukweli ambao mama hapaswi kumwambia mtoto: sijawahi kuwa na siku tamu kama zile. Si harusi yangu, si siku niliyokuzaa wewe. Hata leo nazitamani.

Kichwani nikapiga hesabu. Mbuzi pale mnada wa Inde ni bei nafuu, Idd inakaribia, nikinunua sasa kwa pesa za sanduku na kuuza kwa bei ya Idd, kikundi kitagawana mara mbili. Unaona? Si wazimu wa kuokota makaratasi njiani. Ni hesabu safi, hata wewe mwenye cheti ungenikubalia. Nikaenda kwa mwenye ufunguo wa kwanza, nikamchekesha mpaka akashika mbavu, akanipa. Wa pili alinipa kabla sijamaliza kusema, maana tumekua pamoja na ananipenda. Wa tatu alikuwa Mama Sauda.

Unamjua. Mjane wa sajini, mfupi, anauza muhogo mkavu anaouleta kutoka Ayivu, kucheka kwake ni haramu. Hakunipenda hata siku moja. Nilimkuta anapepeta. Nikammwagia maneno yangu yote matamu, akaendelea kupepeta mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Ufunguo hapana toka. Siku ya kugawa iko mbele. Enda lala, macho yako iko nyekundu."

Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo nikavunja kufuli lake. Mapigo manne. Nilijiona shujaa.

Nilinunua mbuzi thelathini na mmoja. Nikakodi lori, nikapita nao Arua mjini nimekaa mbele na dereva, nawapungia watu mkono. Lakini tulipofika Koboko sikuuza hata mmoja. Njiani hesabu ilikuwa imegeuka: kuuza ni uchoyo, hii ni sadaka, Mungu amenichagua. Nikaanza kugawa nyumba kwa nyumba. Wewe ulikuwa unamvuta yule mweusi mwenye doa jeupe, unakumbuka? Ulifurahi mpaka ukaruka. Na wale wanawake wa kikundi, wenye pesa zao, wakapokea mbuzi kwa mikono miwili wakaniombea. "Allah akuzidishie, Aziza." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mshona nguo ametoa wapi mbuzi thelathini na mmoja. Kwetu hapa mtu akitoa sadaka karibu na Idd haulizwi, anaitikiwa amina. Wengine walichinja siku ileile. Walikula akiba yao na mchuzi, wakalamba vidole.

Nyumba moja tu ilikataa. Mama Sauda alitoka, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Pesa hii iko ya wapi?" Nikamwambia ya Mungu. Akasema, "Mungu hapana nunua mbuzi Inde. Rudisha." Akanitia kamba mkononi mbele ya watu, akaingia ndani. Wallahi nilimchukia kuliko ibilisi.

Siku ya kugawana sanduku lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimeshashuka. Nimelala nimegeukia ukuta, sijaoga siku nne. Waliopiga kelele kuliko wote ni walewale walioitikia amina. Mama Sauda hakupiga kelele. Alileta ngazi. Mabati ishirini na mawili, aliyahesabu kwa sauti yakishuka, akayauza, akawagawia wenye haki zao. Na kila aliyekula mbuzi alimkata bei ya mbuzi. Walimtukana sana siku ile, hilo hukulijua. Wewe ulijua mvua tu. Tulikaa chini ya turubai, wewe ukinivuta mkono, "Mama amka, Mama nalowa." Nilikusikia kila mara. Sikuamka.

Sikuombi msamaha kwa hilo. Nimeshaomba kwa mdomo mara nyingi na haikukukausha.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo hulijui. Nimelibeba miaka kumi na miwili.

Baada ya mabati nilipelekwa kliniki Arua, nikapewa dawa, nikatulia, nikarudi kwenye cherehani. Nikanunua kisanduku cha kufuli moja, ufunguo nikampa mama yangu, Haboba wako. Nilisema nani ataniangalia kuliko aliyenizaa? Wakati huo macho yake yalianza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, anahitaji kupasuliwa mapema, na akatuambia wazi kwamba nuru ikiondoka kwa ugonjwa huo hairudi. Tuliweka pesa miezi mitano. Zilikuwa zimetimia. Tulikuwa tumebakiza siku tisa aende.

Na mimi nilikuwa nimeacha vidonge, kwa sababu nilijisikia vizuri. Hivyo ndivyo wote tunavyosema.

Nilimkuta Haboba kwenye mkeka anasuka kawa la kufunikia chakula, amelisogeza karibu na pua ili aone. Nikamwambia kuna vitenge Ariwara, ng'ambo ya Congo, vinauzwa kwa bei ya kutupa, nitarudisha pesa Ijumaa na zaidi. Alinitazama kwa macho yake yaleyale mabovu, akajua. Alikuwa ameshaona mabati, angekosaje kujua? Akaniuliza, "Binti yangu, kichwa yako iko sawa?" Nikalia. Nikamwambia dunia nzima hainiamini, hata wewe mama yangu mzazi huniamini. Nililia vizuri, Mastura. Ukiwa juu unalia vizuri kuliko mwigizaji. Akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa ufunguo, akafungua kisanduku kwa vidole vyake mwenyewe, akaniwekea pesa za macho yake kiganjani.

Vitenge nilivinunua. Sijui viliishia wapi. Nilirudi na kimoja begani, miguu peku.

Tulipopata pesa nyingine ulikuwa umepita mwaka na nusu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, na la kulia lilibaki na kivuli tu, kikaisha nacho. Wewe uliambiwa uzee. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tukwambie hivyo, "mtoto asikuchukie." Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka shule anakushika uso, anapapasa pua, anapapasa nyusi, anasema, "Umekua?" Nawe ukicheka unasema Haboba unanitekenya. Alikuwa anautafuta uso wako. Aliishi gizani mpaka alipofariki miaka minne iliyopita, na hakujua ukubwani unafananaje. Unafanana naye, mtu yeyote angemwambia, lakini kuambiwa si kuona. Hakunigombeza hata mara moja, na ningependa angenigombeza.

Basi ule mwezi tuliopewa jibu la macho, nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Mama Sauda. Sikuwa nimesema naye tangu siku ya ngazi.

"Wewe nataka nini hapa?"

"Nataka ukae na ufunguo wa pesa zangu."

"Mimi hapana penda wewe."

"Ndiyo sababu nimekuja."

Akacheka. Mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Akanyoosha mkono, nikampa.

Tangu hapo nimemwendea na kila aina ya uchafu. Nimemwendea na machozi, na Kurani, na matusi ya kambini niliyojifunza kwa baba yangu. Safari moja, ulipokuwa bweni, nilimwambia umekufa. Ndiyo, wewe. Nilimwambia Mastura amefariki, nipe pesa ya sanda. Nililia mpaka majirani wakatoka. Mama Sauda alifunga mzigo wake wa muhogo, akavaa viatu, akasema, "Twende tuone maiti." Akanipakia boda, akapanda nyuma yangu, mpaka kwenye geti la shule yenu. Mlikuwa uwanjani mnacheza. Akakuonyesha kwa kidole, akasema, "Maiti yako nacheza netiboli. Rudi kumeza dawa." Siku ile ulinipungia mkono ukadhani nimekuja kukusalimia.

Mtu anayekupenda angefungua, Mastura. Angefungua kwa jina lako tu.

Unaniuliza kila siku kwa nini tunaishi kibahili. Sukari ya kupima, sabuni nusu mche, sokoni naenda na pesa ya kile ninachokwenda kununua na si zaidi. Nikitamani kitu sana, nakiacha Ijumaa tatu zipite. Kikibaki moyoni namwendea Mama Sauda. Vingi havibaki hata Ijumaa ya pili. Harusini natoa kidogo, shangazi zako wananibinulia midomo, naimeza aibu naenda nayo nyumbani. Na usidhani ni kupanda tu kunakokula pesa. Kushuka nako kunakula, tena kimyakimya. Huwezi kupika, unanunua chapati asubuhi na jioni. Huwezi kutembea hatua mia, unaita boda. Nguo za wateja zinalala hazijashonwa, wanataka pesa zao. Nyanya zinaozea kwenye beseni na wewe unazitazama. Ndiyo maana kichwa kikiwa sawa nalipa kodi ya kibanda miezi miwili mbele, na unga naweka wa mwezi. Namwekea yule mwanamke aliyelala kitandani, simpendi lakini najua atakuja.

Sasa mwaka jana. Hapo ndipo jana ulinikera kuliko kote, unajifanya hukumbuki.

Ulikuwa chuoni Arua. Ulinipigia ukasema ada ya mtihani imepanda. Ulikuwa unaongea haraka, unacheka katikati, unaniita "Mama mrembo." Niliijua ile sauti ndani ya maneno matano. Ilikuwa sauti yangu. Nilisimama hapa mlangoni simu sikioni, najua kila kitu kitakachofuata. Na nikatuma. Pesa zangu ziko kwa Mama Sauda, hazitoki, kwa hiyo niliuza cherehani, ndiyo maana leo nashonea ya kukodi. Ulipiga mara ya pili, nikatuma. Ya tatu, nikatuma. Tulikukuta siku kumi na sita baadaye kwenye chumba cha duka ulichokodi kwa mwaka mzima, umekipaka rangi ya kijani ukuta, dari na sakafu, hakuna bidhaa hata moja, umelala chini katikati ya makopo kumi na moja ya rangi. Midomo imepasuka kwa kiu. Ulinitazama ukasema, "Mama, limependeza?"

Lile duka nililipia mimi. Nilijua na nikatuma, kama Haboba alivyojua na akafungua. Ulilia, nikafungua. Niliyoyaona yote yale hayakunifunza kitu mbele ya sauti yako. Ndiyo maana sahihi ya pili kwenye fomu si yangu. Uliniuliza jana kwa nini isiwe yangu, nikakwambia niache. Hilo ndilo jibu.

Jumanne nilimwendea Mama Sauda. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini kichwa kiko. Nikamwambia Mastura anakwenda kazini, nataka ukae na sahihi yake. Akauliza, "Yeye napenda mimi?" Nikasema anakuchukia. Akasema, "Leta kalamu." Fomu iko kwenye mfuko wa mbele wa begi lako. Sahihi yake iko pale, imeinama kama mwenyewe. Yako bado. Siwezi kukushika mkono ukaandika, umeshakuwa mtu mzima. Usipotia, nitajua ndani ya miezi mitatu, na mji wote wa Arua utajua siku hiyohiyo.

Laini yangu ya pesa nayo nimempa yeye. Simu niliyobaki nayo ni ya kuongea tu.

Ukishuka, piga. Saa yoyote. Nitapanda gari la kwanza nije nikae ukutani ulipogeukia, sitasema kitu, nitakupikia uji. Lakini utakapopanda utanipigia kwa ile sauti nyingine, na nitapokea, na nitakwambia hapana. Hapo utatafuta neno la kunichoma. Ukiwa juu una akili kali, utalipata haraka, maana nimekupa mwenyewe leo kwa mkono wangu. Utaniambia, "Wewe uliyempofusha mama yako, unanifundisha nini mimi?" Utaniambia alikuwa anapapasa uso wako kwa sababu yangu. Utalisema vizuri kuliko nilivyoliandika hapa.

Nami nitalia, mwanangu. Nitalia na simu iko sikioni, na pesa hupati.

Mama yako,
Aziza